Choki ya Landrova ya Marehemu Kaka

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Wheaton, Maryland



Kamati imenipa dakika ishirini. Kwa desturi yetu, mzee anayesimama baada ya chakula cha mchana hutarajiwa kueleza asili ya ukoo: nani alitoka Pangani, nani alihamia Korogwe, nani alimwoa nani. Niliiandikia Kamati kwamba habari hizo zimekwisha kusimuliwa na kuchapishwa katika vijitabu vilivyotangulia, na kwamba mwaka huu, kwa idhini yao, ningependa kuzungumzia choki ya gari. Katibu wetu alinipigia simu kuhakikisha kuwa halikuwa kosa la uandishi. Nilimjibu kuwa sikukosea. Nina deni la kulipa mbele ya mkutano huu, na deni hilo limefungwa kwenye ncha ya waya wa choki. Siwezi kulifikia bila kupitia huko.

Vijana wengi mlioko hapa hamjapata kuvuta choki, wala hamna kosa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 magari mapya yanayouzwa Marekani, isipokuwa machache sana, hayana kabureta. Petroli hupulizwa ndani ya injini kwa kipimo kinachoamuliwa na kompyuta, na dereva huwasha gari lake bila kujali kama nje kuna theluji au jua. Katika gari la zamani kazi hiyo ya kompyuta ni ya dereva mwenyewe. Injini iliyokwisha kupata moto hutaka hewa nyingi na petroli kidogo. Kwa uzito, hewa sehemu 14 au 15 kwa sehemu moja ya petroli. Lakini injini iliyolala nje usiku kucha katika baridi ya Januari ya hapa kwetu Maryland ina mambo yake. Petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Nyingi hubaki matone na kung'ang'ania kuta baridi za bomba la kuingizia hewa, na kinachofika kwenye silinda hakitoshi kushika moto. Dawa yake ni kupunguza hewa. Kwenye mdomo wa kabureta kuna kilango chembamba cha madini kinachozunguka juu ya kijiti chake. Dereva akivuta kishikio kilichopo kwenye dashibodi, waya hukifunga kilango hicho; injini, kwa kukosa njia ya hewa, huvuta petroli kwa nguvu zaidi, mchanganyiko ukawa mzito, na gari likawaka. Jina lenyewe, katika lugha lilikotoka, lina maana ya kukaba koo.

Na koo lililokabwa sharti liachiwe. Injini ikishapata joto, kilango kisipofunguliwa, petroli inayozidi huosha oili iliyo juu ya kuta za silinda, huteremka ikaichuja oili ya chini, plagi zikajaa masizi, moshi mweusi ukatoka nyuma, na mwisho injini huzimika. Hapo haiwaki tena mpaka ipoe na petroli ikauke. Nawaomba mlishike hilo, maana ndilo lililotokea katika Barabara ya Georgia miaka miwili iliyopita.

Sisi wa Tanga mjini choki tulikuwa tukiijua kwa jina tu. Joto la pwani linatosha. Gari huwaka bila kushawishiwa. Mimi nilianza kuifahamu mwaka 1983, nilipopangiwa kazi Lushoto nikiwa afisa kijana mwenye viatu vya mjini. Wale mliofika Usambara mwezi wa Juni au Julai mnajua jinsi ukungu unavyolala juu ya barabara mpaka saa tatu au saa nne, na jinsi mtu anavyotoka nyumbani na koti mwezi ambao ndugu zake wa Tanga wanalala madirisha wazi. Ofisi ilikuwa na Landrova mbili zenye namba za ST. Moja ilikuwa juu ya mawe ikingoja vipuri. Ya pili ndiyo iliyofanya kazi zote, na dereva wake alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufi, ambaye hakumruhusu mtu yeyote kugusa kitu katika gari lile, hata Bwana Mkubwa wa ofisi.

Asubuhi moja dereva alichelewa, nami kwa haraka ya ujana niliingia garini nikaikamata choki kwa kiganja chote na kuivuta. Alinikuta katika tendo hilo. Hakupaza sauti. Alisema, "Afisa, choki haivutwi kwa mkono. Huvutwa kwa vidole viwili. Ikivikataa vidole viwili, usiilazimishe; ifungue uone ina nini." Miaka ile, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu na waya mmoja wa choki ungeweza kuombwa kwa barua tatu na usije. Waliokatikiwa waliweka waya wa breki ya baiskeli. Huo, kwa kuwa umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, huvuta vizuri lakini hausukumi, hukunjika. Basi mafundi waliongeza springi kwenye kabureta ya kukirudisha kilango, na safari ikaendelea. Waya wa asili wa Landrova ni mmoja, mnene, mgumu, unaopita ndani ya ala ya chuma iliyosokotwa mithili ya springi ndefu, na kwa sababu hiyo unaweza kuvuta na kusukuma. Ubora wake ndio udhaifu wake: ukikunjwa mara moja, haunyooki kamwe sawasawa.

Maneno ya yule mzee nimeyarudia mara nyingi katika maisha yangu, hasa kwa wengine.

Sasa nije kwenye gari lenyewe, lililoko nje chini ya mti, ambalo watoto wameshalipanda tangu asubuhi. Baba yetu, kama mjuavyo, aliendesha Landrova ya shamba la mkonge upande wa Korogwe. Marehemu kaka alikulia kwenye kiti cha katikati cha gari lile, magoti yake yakigongana na wenzo wa gia. Alifika Washington mwaka 1978 kusoma katika Chuo Kikuu cha Howard, akaoa, akajenga maisha, na mwaka 1991, badala ya kununua gari la maana kama alivyoshauriwa na kila mtu mwenye akili, akaenda Frederick kwa mzee mmoja mkulima akanunua Landrova fupi ya mwaka 1969, usukani kushoto. Nilipohamia hapa mwaka 1994 na familia yangu, alikuja kutupokea uwanja wa ndege na gari hilo. Ilikuwa Februari. Mke wangu aliniuliza kwa sauti ndogo kama ndiyo Marekani yenyewe.

Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na bodi yake ilifanywa ya aluminiamu kwa kuwa baada ya Vita Kuu chuma cha kutengenezea magari kilikuwa cha mgawo Uingereza. Kaka alipenda sana kulieleza jambo hilo: kwamba gari zima lilizaliwa kutokana na uhaba. Na kweli bodi haili kutu. Lakini fremu ni chuma, boliti ni chuma, na waya wa choki ni chuma, na chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa theluji haichagui. Alilitunza kwa mikono yake miaka 28. Alipofariki mwaka 2019 lilibaki kwa shemeji, na mwanangu, yaani mtoto wa kaka, akawa analiwasha mara moja kwa mwezi na kulileta kwenye mikutano yetu.

Miaka miwili iliyopita, wengi wenu mlikuwapo, tulikutana papa hapa. Shemeji alikuwa anakuja na mwanawe katika gari la marehemu, kama ilivyokuwa kawaida. Walipofika taa za Forest Glen, pale magari ya Beltway yanapomiminika, choki ilikuwa bado nje na kishikio kilikataa kurudi. Moshi mweusi ulitanda, injini ikazimika katikati ya njia, magari nyuma yao yakapiga honi. Wapita njia wawili walisaidia kulisukuma pembeni. Shemeji alifika hapa katika gari la mtu mwingine, gauni lake jipya likinuka petroli, na mtoto akafika saa moja baadaye, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

Mimi nilikuwa nimekaa meza ya mbele. Nilisimama, nikasema, na nanukuu maneno yangu mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyeyasahau: "Vijana wa siku hizi hawajui kuvuta choki. Amevuta kwa nguvu kama anang'oa muhogo, ameliharibu gari la baba yake." Watu walicheka. Yeye hakujibu neno. Alikula kidogo, akamsaidia mama yake kupanga vyombo, akaondoka. Hakuja kwangu sikukuu iliyofuata, wala iliyofuata baada ya hiyo. Shemeji, ambaye hasemi jambo mara mbili, aliniambia mara moja tu kwamba nilimvunja mtoto mbele za watu. Mimi nilijiona nimefundisha.

Gari lilivutwa hadi kwenye gereji ya nyumba yangu, maana mimi ndiye niliyestaafu na mwenye nafasi. Nilikuwa nimemaliza utumishi wangu katika serikali ya kaunti mwaka 2021, baada ya ule wa nyumbani, na mtu aliyezoea mafaili huhitaji kitu cha kufungua na kufunga. Nikaanza na njia ya mkato. Nilipuliza mafuta ya kopo kwenye shina la kishikio, nikavuta na kusukuma, choki ikalainika. Nikajipongeza. Baada ya siku mbili ikawa ngumu kuliko mwanzo. Mafuta yale ya kopo ni mepesi mno. Hufukuza maji na kulegeza uchafu, kisha hukauka, na uchafu uliolegezwa hujikusanya mahali pengine. Nikapuliza tena. Mara ya tatu kishikio kiligoma kabisa, nami, ndugu zangu, nikachukua koleo.

Nilivuta. Waya ulikunjika nyuma ya kishikio, upana wa kidole kutoka kwenye dashibodi. Nilisimama na koleo mkononi katika gereji yangu mwenyewe, mtu wa miaka zaidi ya sitini, bila shahidi, na nilichokitenda ndicho kile kile nilichomtuhumu mtoto mbele ya watu sitini. Nilizima taa nikaingia ndani. Sikumwambia mke wangu.

Kesho yake nilifanya kile ambacho dereva wa Lushoto angefanya kwanza. Boneti ya Landrova ile imebeba gurudumu la akiba juu yake, kwa hiyo kuifungua ni kazi ya watu wawili au ya mmoja mwenye subira. Nilitenganisha waya na kabureta kwa kulegeza skrubu ndogo iliyoubana kwenye wenzo wa kilango. Hapo ndipo penye uamuzi wote, na anayeiruka hatua hii hufanya kazi ya kubahatisha. Waya ukishatoka, una vitu viwili vya kupima, kila kimoja peke yake. Nilisukuma wenzo wa kilango kwa kidole: ulikwenda na kurudi bila shida, ingawa kijiti chake kilikuwa na utando wa kahawia. Utando huo ni masalio ya petroli iliyokaa muda mrefu. Petroli ya hapa kwa kawaida huwa na kiasi cha asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hunywa unyevu, na gari lisilotembea huzeeka kwa ndani. Niliusafisha, lakini haukuwa chanzo cha ugumu. Kisha nikarudi ndani nikavuta kishikio kisicho na mzigo wowote mbele yake. Bado kilikuwa kigumu. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya ala, kati ya dashibodi na injini.

Nilifuata ala kwa tochi. Inapita katika tundu la ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Tundu hilo lilipaswa kuwa na pete ya mpira ya kuizuia ala isisuguane na makali ya chuma. Pete haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kitambaa kilichoviringwa mara nyingi na kufungwa kwa uzi wa kushonea, fundo zuri la mtu mwenye subira. Kilikuwa kimeloa. Chini ya kitambaa ala ilikuwa imeoza kwa kutu urefu wa kiganja, na waya ndani yake ulikuwa umevimba kutu hadi kujaza nafasi. Aidha, ili kuikwepesha na joto la bomba la moshi, ala ilikuwa imevutwa juu na kukunjwa kona kali mahali pale pale. Kona kali na kutu vikikutana, hakuna kidole duniani kinachoweza kuisogeza choki ile kwa uhakika. Siku hiyo ya Forest Glen angeweza kushindwa mtu yeyote: mimi, dereva wa Lushoto, hata yule aliyekifunga kitambaa.

Na aliyekifunga nilimjua kwa fundo lake.

Nilimpigia simu mwanangu mara mbili, hakupokea. Nikamwomba shemeji ampelekee salamu kwamba Baba Mdogo anahitaji mtu wa kumshikia boneti. Alikuja Jumamosi moja ya Desemba, kwa ajili ya mama yake, nadhani, si kwa ajili yangu. Nilimwonyesha kitambaa. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hiki nakijua. Nilimshikia Baba tochi siku alipokifunga. Nilikuwa na miaka kumi. Pete ya mpira ilikuwa imekatika, na aliyoagiza haikufika, akasema hiki kitatufikisha." Nikamwuliza mbona hakusema siku ile ya mkutano. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Hamkuniuliza, Baba Mdogo. Na ningesemaje mbele za watu kwamba kosa ni la Baba?"

Ndugu Mwenyekiti, hilo ndilo deni. Mtoto alilaumiwa hadharani kwa jambo ambalo hakulitenda, alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza ili jina la baba yake lisiguswe katika mkutano wa ukoo wake. Nilimwomba radhi siku ile gerejini, akaipokea. Lakini lawama ilitolewa mahali hapa, kwenye meza hizi, kwa sauti ya watu kusikia. Mwanangu, simama kidogo wakuone. Nilikukosea. Hukuliharibu gari la baba yako, na uliivuta choki kama ulivyofundishwa. Mimi ndiye niliyeivuta kwa koleo. Naomba unisamehe mbele ya hawa waliokuwapo, na waliocheka pamoja nami nawaachia dhamiri zao.

Ahsante, kaa.

Mlionipa dakika ishirini mnataka pia kujua jinsi ilivyotengenezwa, angalau wale wanne ambao nimewaona wakiandika. Kwanza tulitenganisha betri, kwa kuwa nyuma ya kishikio kuna swichi ya taa ya rangi ya kaharabu, inayopaswa kumkumbusha dereva kuwa injini imepata moto na choki bado iko nje. Taa hiyo ilikuwa imekufa miaka mingi. Waya wake ulikuwa umechomoka, ukarudishwa kwa dakika mbili. Laiti ingekuwa hai, dereva angalau angeonywa mapema kabla ya kufika Forest Glen. Tukafungua nati inayoshika kishikio kwenye dashibodi, tukatoa ala na waya vyote pamoja.

Kama ala ingekuwa nzima, tungeinusuru. Ningewashauri kila mmoja ajaribu hivyo kabla ya kutoa fedha: waya huchomolewa, husuguliwa kwa msasa laini mpaka ung'ae, hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ala huoshwa ndani kwa mafuta hayo hayo hadi yanayotoka chini yawe safi, kisha huning'inizwa wima usiku kucha, na kwenye mdomo wake wa juu hufungwa kijaluba cha karatasi chenye mafuta ya cherehani, yateremke taratibu kwa uzito wake. Nimeona wengine wakitia grisi. Grisi nzito katika waya mrefu ni kosa katika nchi hii. Ikifika Januari hugeuka gundi, na utaivuta choki kwa nguvu asubuhi ile ile unayoihitaji zaidi. Lakini ala yetu ilikuwa imekwisha na waya umekunjwa na mimi, kwa hiyo tuliagiza mpya, na pete mpya ya mpira pamoja nayo. Ilifika baada ya siku tisa. Kaka aliingoja yake asipate.

Kuifunga mpya kulituchukua Jumamosi mbili, si kwa ugumu bali kwa sababu tulizungumza. Tuliipitisha ala kwa kona pana, kama mkono wa mtu anayekumbatia mti, mbali na bomba la moshi. Ilibaki ndefu kidogo kupita tulivyopenda, lakini kuikata ili ipite njia fupi ndiko kunakoleta kona kali. Kule kwenye kabureta, kibano kinachoshika ala kisikazwe hadi kuifinya, maana ala iliyofinywa huubana waya ndani yake na ugumu unarudi kwa mlango wa nyuma. Mwisho ni kipimo. Kishikio kikiwa ndani kabisa, waya uachwe na ulegevu wa milimita moja hivi kabla ya kuanza kuuvuta wenzo, ili kuwe na hakika kwamba kilango kimefunguka chote. Tulitoa mpira wa hewa ulio juu ya kabureta tukatazama kwa macho: mtoto anavuta, nami naona kilango kinafunga; anasukuma, nacho kinasimama wima. Ambaye hajatazama kwa macho asiseme amemaliza.

Tukaiwasha kwa baridi mwezi Januari, asubuhi ya theluji nyepesi. Hapa sina mzaha. Tulilisukuma gari kwanza mpaka nje ya gereji, na tukafunga mlango unaoingia nyumbani. Injini yenye choki hutoa moshi wenye sumu nyingi ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana na isiyo na harufu, na kila majira ya baridi katika nchi hii watu hufa kwa kuwasha gari ndani ya gereji, wakidhani kuwa mlango ulio wazi nusu unatosha. Hautoshi.

Mwanangu alivuta choki kwa vidole viwili. Ilikuja yote bila mlio, kama droo ya kabati iliyopakwa nta. Injini ilizunguka mara tatu ikashika. Baada ya nusu dakika akairudisha nusu. Baada ya kutembea mtaa mmoja, akaisukuma yote ndani, na taa ya kaharabu haikupata sababu ya kuwaka. Tulikwenda hadi Takoma Park tukanunua mikate, tukarudi. Njiani alinieleza habari za kazi yake ambazo kwa miaka miwili nilikuwa nikizipata kwa watu.

Kile kitambaa nilikifua, nikampelekea shemeji. Kilikuwa hakina maneno, pindo tu lenye weusi na wekundu uliofifia, lakini alikitambua mara moja: ni kanga yake aliyokuja nayo kutoka nyumbani, iliyochanika, naye akaitafuta nusu yake ya pili kwa miaka. Hakukasirika. Alisema kaka alikuwa na tabia ya kuchukua vitu bila kuuliza, na akakiweka mfukoni.

Limebaki jambo moja ambalo si langu kuliamua. Mnunuzi wa Alexandria ametoa bei nzuri kwa gari hili, na shemeji ana haki kamili ya kuipokea. Paa la nyumba yake linahitaji fedha kuliko Landrova inavyohitaji kumbukumbu zetu. Nimesikia wengine wenu mkimwambia asiuze, mkiwa mmekaa mbali na bili zake. Naomba mwache. Ameniambia atatoa jibu kesho, baada ya kuliona likiwaka baridi kwa macho yake mwenyewe, yeye na mwanawe, na kwamba wanaotaka kulibakiza waje na vitabu vyao vya hundi kama vile wanavyokuja na maoni. Mimi changu nimekwisha kukiandika.

Kwa hiyo kesho Jumapili saa mbili asubuhi, nyumbani kwa shemeji. Gari litakuwa limelala nje usiku kucha. Kwa joto hili la Julai halitahitaji zaidi ya nusu ya choki, kwa sekunde chache tu. Wanaotaka kujifunza wavae nguo za kazi. Watoto wasikae nyuma ya bomba la moshi. Na tafadhali asiingie mtu garini kabla mwanangu hajafika; funguo ziko kwake.